Mtoto mwenye OCD: tiba yaanzia kwenye jibu la mzazi

Miaka ya karibuni herufi tatu, OCD, kifupi cha jina la Kiingereza la ugonjwa wa mawazo yasiyomwachia mtu na matendo anayolazimika kuyarudia, zimeingia kwenye Kiswahili cha mitandaoni kwa kasi. Mtu anapanga viatu mlangoni kwa rangi, anapiga picha, anaandika kuwa OCD yake leo imezidi. Mama anarusha video ya mwanawe akilia kwa sababu wali umegusana na maharage, na watu wanacheka au wanamsifu mtoto kwa usafi. Katikati ya vicheko hivyo huwa kuna mzazi anayeuliza kwa dhati: mwanangu wa miaka sita ananawa mikono hadi inachubuka, nifanyeje? Majibu yanayomiminika huwa ya aina mbili. Kuna wanaosema mchape, anadeka. Na kuna kundi linaloongezeka kadiri mazungumzo ya afya ya akili yanavyopanuka, linalosema mwelewe, mtulize, mhakikishie, mpe anachotaka mpaka atulie. Kundi la kwanza limekosea, na wazazi wengi wa leo wanalijua hilo. Mimi nasema kundi la pili nalo limekosea, na kosa lake ni gumu kuliona kwa sababu limevaa sura ya upendo. Kwa mtoto mdogo mwenye OCD, dalili hukua kwa majibu ya watu wazima wanaomzunguka, na tiba huanza pale watu hao wanapobadili majibu yao kwa mpango, taratibu, bila kumwacha mtoto peke yake na hofu yake.

Ugonjwa wenyewe una pande mbili. Upande wa kwanza ni wazo linalomng'ang'ania mtoto bila ridhaa yake: kwamba mikono ina vijidudu, kwamba mama atakufa njiani, kwamba ameandika vibaya, kwamba atamdhuru mdogo wake aliyelala. Upande wa pili ni tendo analolifanya ili hofu ile ishuke: kunawa, kukagua, kuhesabu, kugusa kitu pande zote mbili mpaka ajisikie sawa, kuomba msamaha tena na tena, au kuuliza swali lilelile. Akilifanya, hofu hushuka kweli, ila kwa muda mfupi. Ubongo nao hujifunza kuwa tendo lile ndilo lililomwokoa, na safari ijayo hulidai mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Ni kama upele: kukuna kunaleta nafuu, na kukuna hukohuko ndiko kunakokifanya kidonda kisifunge. Mara nyingi ugonjwa huanza mtoto akiwa na miaka kama kumi, lakini wapo wanaoanza wakiwa na mitano au sita, na wavulana ni wengi zaidi miongoni mwa wanaoanza mapema. Hao wadogo ndio wagumu kuwaelewa, kwa sababu hawawezi kueleza. Ukimuuliza kwa nini anafuta mstari uleule mpaka karatasi ya daftari inatoboka, hakwambii kuwa anaogopa kitu fulani. Anakwambia lazima tu.

Wanaosema mtoto ataacha akikua wana hoja, na ni lazima ipewe haki yake. Watoto wa kati ya miaka miwili na sita wanapenda mambo yaende vilevile kila siku: kikombe kilekile, hadithi ileile kabla ya kulala, mguu wa kulia kwanza kwenye ndala. Huo ni ukuaji, na mzazi anayekimbilia hospitali kwa sababu mtoto amekataa kikombe cha bluu atajisumbua bure. Tofauti iko kwenye gharama. Mtoto mwenye mazoea ya kawaida huyafurahia, na ukiyakatiza atanuna kisha aende kucheza. Mwenye OCD hafurahii. Anaonekana amefungwa, analia huku anaendelea, anachelewa shule, anaacha kula, haendi kucheza na wenzake kwa sababu bado hajamaliza. Kipimo ambacho madaktari hukitumia ni kama mambo hayo yanakula saa nzima au zaidi kwa siku, au yanavuruga maisha ya mtoto na ya nyumba. Hapo kusubiri akue ni kuupa ugonjwa muda wa kuota mizizi.

Nyumba ndiyo neno ninalotaka tulikazie macho. Kwa ndugu zangu huko Tanga alikuwapo binti wa miaka saba aliyekuwa akimuuliza bibi yake kila usiku kama komeo la mlango wa uani limefungwa. Bibi alijibu kwa upole: limefungwa, mjukuu wangu, lala. Baada ya muda jibu moja halikutosha. Ilibidi bibi aseme neno "limefungwa" kwa sauti ileile. Akikohoa katikati ya jibu, jibu linaharibika na linaanza upya. Baba mdogo akazoea kupaza sauti kutoka sebuleni kabla hajaulizwa. Dada wa kazi akawa anainuka kitandani kwenda kulitikisa komeo ili mtoto asikie mlio wa chuma. Kila mmoja wao alikuwa anampenda yule binti, na kila mmoja alikuwa ameajiriwa na ugonjwa bila kujua. Ndani ya miezi michache, nyumba nzima ilikuwa inafanya matendo ya mtoto mmoja.

Watafiti wana miaka zaidi ya 30 wakilichunguza jambo hili la familia kujipinda ili kumfuata mgonjwa wa OCD, na wameona kuwa ndivyo familia karibu zote hufanya, na kwamba pale inapofanyika kwa wingi dalili za mtoto huwa nzito zaidi na matibabu huzaa matunda madogo. Tiba yenyewe inayofanya kazi ina umri mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1966, huko London, mwanasaikolojia Victor Meyer alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili wa aina hii kwa kuwaweka karibu na kile wanachokiogopa na wakati huohuo kuwasaidia wasifanye tendo la kujituliza. Hofu ilipanda, ikakaa, ikashuka yenyewe. Njia hiyo ya kukabili hofu na kuzuia tendo ndiyo bado msingi wa tiba ya leo. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowahusisha watoto 112 wa miaka 7 hadi 17. Baada ya wiki 12, dalili zilikuwa zimekwisha au karibu kwisha kwa takribani asilimia 54 ya waliopata tiba hiyo pamoja na dawa ya setralini, asilimia 39 ya waliopata tiba peke yake, asilimia 21 ya waliopata dawa peke yake, na asilimia 4 tu ya waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Kwa watoto wadogo, utafiti unaostahili kusomwa kwa makini ni ule uliochapishwa 2014, pia Marekani, wenye watoto 127 wa kati ya miaka 5 na 8. Wazazi walikuwa ndani ya chumba cha tiba tangu mwanzo. Kundi moja lilifundishwa, mzazi na mtoto pamoja, kukabili hofu hatua kwa hatua, na wazazi wakafunzwa kuacha kushiriki kwenye matendo. Kundi la pili, mzazi na mtoto vilevile, lilifundishwa kutulia: kupumua, kulegeza mwili, kupunguza msongo. Baada ya wiki 14, asilimia 72 ya watoto wa kundi la kwanza walikuwa wameboreka kwa kiwango kikubwa, dhidi ya asilimia 41 ya kundi la kutulizwa. Nazileta takwimu hizi kwa sababu zinagusa moja kwa moja ushauri unaotolewa leo mitandaoni. Kutuliza si bure, maana asilimia 41 si kidogo. Lakini mtoto aliyefundishwa kuistahimili hofu alifika mbali zaidi kuliko aliyefundishwa kuipoza, na wote wawili walikuwa na mzazi mwenye upendo pembeni.

Sasa nije kwenye hoja nzito ya upande wa pili. Mzazi atasema: mwanangu analia, anatetemeka, ananiomba nimwambie tu kwamba sitakufa. Ni mzazi gani atanyamaza? Na hasa kizazi chetu, ambacho wengi wetu tulilelewa kwa kunyamazishwa, kimeapa kuwasikiliza watoto wake. Naiheshimu hoja hii kuliko zote, kwa sababu inatoka mahali pazuri na kwa mtoto mwenye hofu ya kawaida ni sahihi kabisa. Mtoto aliyeota ndoto mbaya akihakikishiwa mara moja, analala. Lakini angalia anachofanya mtoto mwenye OCD na jibu lako. Unamjibu, anatulia dakika tano, anarudi na swali lilelile likiwa limeongezewa kipengele: na kama gari likipinduka je? Ungekuwa unampa habari asiyokuwa nayo, jibu moja lingetosha. Haulizi ili ajue. Anauliza ili hofu ishuke, na jibu lako ni tendo lake, linafanywa kwa kinywa chako. Mzazi akilielewa hilo hubaki na njia ya tatu, kati ya kumjibu mara hamsini na kumfokea anyamaze. Anaweza kumwambia: naona unaogopa sana, na najua unaweza kuivumilia hofu hii mpaka ipungue, mimi niko hapa. Kauli hiyo ina huruma yote na haina jibu ambalo ugonjwa unalidai. Huko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwanasaikolojia Eli Lebowitz na wenzake wamejenga tiba nzima juu ya kauli za namna hiyo, tiba ambayo mtaalamu hukutana na wazazi peke yao. Katika utafiti wao wa 2020, uliohusu watoto 124 wenye magonjwa ya wasiwasi, watoto ambao wazazi wao tu ndio waliohudhuria walipata nafuu isiyopungua ya wale waliotibiwa wenyewe. Wasiwasi wa jumla na OCD si kitu kimoja, ila ni ndugu wa karibu, na fundisho kuhusu nafasi ya mzazi linahama vizuri kutoka huku kwenda kule.

Hoja nyingine inasema mzazi si daktari, asijaribu. Nusu yake ni kweli. Wazazi kwenye tafiti hizo waliongozwa na wataalamu, na kuna hali ambazo hazifai kuguswa nyumbani bila daktari. Mtoto aliyeamka na dalili kali ghafla, siku chache baada ya homa au maumivu ya koo, apelekwe hospitali. Wataalamu bado wanabishana juu ya uhusiano wa OCD na maambukizi ya koo tangu daktari wa Marekani Susan Swedo na wenzake walipoandika juu yake mwaka 1998, lakini hakuna anayebisha kwamba mtoto huyo apimwe. Mtoto aliyeacha kula au anayezungumzia kufa naye asisubiri. Dawa nazo ni za daktari tu: zipo zinazofaa kwa watoto, kama fluoksetini na setralini, na klomipramini, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu, ila inahitaji moyo kuangaliwa na dozi kupandishwa taratibu. Nusu ya pili ya hoja hiyo ndiyo siikubali. Wataalamu wa afya ya akili ya watoto Afrika Mashariki ni wachache na wamejaa mijini. Mzazi wa Kigoma au Lodwar akiambiwa asifanye lolote mpaka apate mtaalamu, hataacha kumjibu mtoto usiku wa leo. Ataendelea kujibu vilevile. Ni vigumu kupata nyumba isiyoshiriki. Zipo zinazoshiriki kwa kujua na zinazoshiriki bila kujua.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema OCD ni ugonjwa wa Kizungu, na kwamba kwa watoto wetu ni utundu unaotibiwa kwa fimbo, au ni jini linalotibiwa kwa kombe na hirizi. Fimbo kwanza. Mtoto anayechapwa kwa kunawa ataacha kunawa mbele yako. Ataanza kuhesabu kimoyomoyo, au kurudia dua kichwani, matendo ambayo macho yako hayayaoni, na utajisifu kuwa amepona huku ugonjwa umehamia ndani ambako hata daktari atautafuta kwa shida. Tena umemwongezea hofu mtoto ambaye ugonjwa wake ni hofu. Ama hilo la Uzungu, pwani yetu ina majibu ya karne nyingi. Kila aliyesoma madrasa anamjua mtu anayerudia udhu mpaka maji ya birika yanaisha, anayerudia takbira kwa sababu hana hakika na nia yake. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na wakusanyaji Bukhari na Muslim inamhusu mtu aliyekuwa akidhani udhu wake umetenguka ndani ya swala, naye Mtume akaelekeza kwamba asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa karne ya 16 wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wa Waislamu wa mwambao huu, aliulizwa dawa ya wasiwasi, yaani mashaka ya namna hiyo yanayomrudia mtu katika ibada. Alijibu kuwa dawa yenye kufaa ni kuupuuza kabisa hata kama nafsi bado ina mashaka, na kwamba mwenye kuusikiliza na kuutii humzidia. Kwa upande wa Wakristo, Ignatius wa Loyola, mtakatifu aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, aliteseka huko Manresa, Hispania, mwaka 1522 kwa kuungama dhambi zilezile ambazo alishaziungama. Watu hawa hawakuwa na neno OCD, lakini waliyaona mateso haya waziwazi, na al-Haytami alitoa maelekezo yanayokaribiana mno na aliyoyafanya Meyer miaka mia nne baadaye: usiutii. Kwa hiyo sheikh au padri ana nafasi hapa. Mtoto anayerudia udhu akisikia kutoka kwa ustadhi wake kwamba mara moja inatosha na kwamba yeye bado hajabaleghe, hivyo ibada hazijawa wajibu kwake, amepata msaada mkubwa. Ustadhi huyohuyo akimjibu swali lilelile kila alasiri, amekuwa mfanyakazi mwingine wa ugonjwa.

Ukiona hivyo, kazi ya nyumbani inaonekana sura yake. Kwanza mtoto anatenganishwa na ugonjwa. Watoto wa miaka mitano, sita, hupenda kuupa jina la kuchekesha na kuuchora, ili mama akisema leo tusimsikilize huyo, mtoto ajue wako upande mmoja. Kisha hofu zinapangwa kutoka ndogo hadi kubwa, na kazi inaanzia chini kabisa, kwenye ile ambayo mtoto mwenyewe anadhani anaiweza. Kwa yule binti wa Tanga, hatua ya kwanza ilikuwa bibi kujibu mara moja tu, na mtoto aliambiwa mchana, akiwa ametulia, kwamba usiku huo itakuwa hivyo na kwa nini. Kubadilisha sheria katikati ya kilio ni ukatili. Usiku wa kwanza ulikuwa mbaya, na ni lazima kila mzazi ajue kuwa dalili huweza kupanda kabla hazijashuka, la sivyo ataacha siku ambayo angeanza kushinda. Akijibu usiku ule ambao kilio kimezidi, mtoto amejifunza kuwa kilio kikubwa ndicho kinacholeta jibu. Bibi alikaa kitandani, akamshika mkono, hakusema neno lile. Baadaye likaondoka jibu la mara moja pia, kisha mlio wa komeo. Sifa zilitolewa kwa ujasiri wa kungoja, hata ulipokuwa wa dakika mbili, na hazikungoja hofu iishe. Na yale mawazo ya kutisha, ya kumdhuru mdogo wake au kumtukana Mungu, mzazi asiyapokee kwa mshtuko. Mtoto anayelia kwa sababu wazo hilo limemjia anaonyesha jinsi asivyolitaka.

Hapa ndipo malezi yetu yanapohitaji mpango tofauti na ule wa vitabu vilivyoandikwa kwa nyumba yenye baba, mama na mtoto tu. Mpango uliokubaliwa na mama peke yake huvunjwa na bibi jioni hiyohiyo, au na dada wa kazi ambaye hakuambiwa kitu na anachotaka ni mtoto anyamaze. Wote wanaomjibu mtoto wanapaswa kukaa pamoja, waelezwe, na wakubaliane neno moja la kusema. Shule nayo imo. Mwalimu mwenye darasa la watoto sabini hawezi kuwa mtaalamu wa saikolojia, lakini anaweza kuambiwa kuwa mtoto huyu akifuta mara moja inatosha, kwamba asichapwe kwa kuchelewa kumaliza, na kwamba asiruhusiwe kutoka kunawa kila dakika kumi. Walimu wa ushauri nasaha wapo kwenye shule nyingi. Wengi wao wamefundishwa kuhusu mimba na dawa za kulevya, na hakuna sababu ya kutowaongezea hili.

Kwa upande wa serikali, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unaotumika kuwafundisha wahudumu wasio wataalamu wa afya ya akili una sura za mfadhaiko, kifafa, ulevi na mengine, na OCD haina sura yake. Matokeo yake ni kwamba tabibu wa kituo cha afya anaweza kufundishwa vizuri kabisa na bado asimtambue mtoto huyu, akampa mafuta ya kupaka mikono iliyochubuka na kumrudisha nyumbani. Kenya ilizindua mwaka 2023 jeshi la wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na Tanzania ikazindua mpango wake mwanzoni mwa 2024. Watu hawa huingia majumbani, mahali ambapo ugonjwa huu unaishi. Wakifundishwa maswali machache, wataona wanachopaswa kukiona: kuna kitu mtoto analazimika kukirudia? Kinachukua muda gani kwa siku? Na nani hapa nyumbani anamsaidia kukifanya? Swali hilo la tatu ndilo ambalo kliniki nyingi hazimuulizi mzazi, na jibu lake linaweza kutafutwa leo, kabla ya rufaa, kabla ya nauli ya kwenda hospitali za afya ya akili za Mirembe, Dodoma, au Mathari, Nairobi.